Kikulacho Ki Ghalani Mwako



Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya mdudu. Najua wengine mtasema, ukurasa huu ni wa mambo ya ndoa na malezi, mdudu ameingiaje? Vumilieni kidogo. Huyu ninayemsema ameingia ndani ya ndoa za watu na kukaa humo miaka mingi, na wenye nyumba wakigombana usiku yeye anaendelea kutafuna.

Nilikuwa Korogwe kwa siku chache, nikaalikwa kwenye ibada ya akina mama. Baada ya ibada, dada mmoja alibaki nyuma. Alikuwa na mtoto mgongoni na macho yamevimba. Wazazi wake wako Korogwe, lakini yeye ameolewa Handeni, na alikuwa amerudi kwao wiki ya pili hiyo. Nilipomuuliza kulikoni, hakusema kuhusu kipigo wala ulevi. Alisema, "Mama, ni mahindi."

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa nane yeye na mumewe walivuna vizuri. Mahindi waliyaweka na maganda yake katika kihenge nyuma ya nyumba, kama wakwe zake walivyofanya siku zote. Mume alikadiria kwamba yakipukuchuliwa yatatoa magunia manane. Mwezi wa kumi na mbili, ada za shule zikikaribia, wakayashusha wayapukuchue ili wauze mawili. Hayakufika hata sita. Chini ya kihenge palikuwa na vumbi jeupe, lakini mume hakulijali sana. Kila mwaka fukusi hula kidogo, na vumbi si kitu kigeni. Fukusi gani tena wa kula magunia mawili? Akakumbuka kwamba mkewe alisafiri kwenda Korogwe mara mbili kumwona mama yake mgonjwa. Akajumlisha moja na moja. "Mahindi yangu yamekwenda kwa mama yako," akasema, tena mbele ya watoto.

Yule dada alifungua pindo la khanga, akanionyesha ngumi moja ya vumbi lile. Alilibeba kutoka Handeni, kama mtu abebavyo barua, ingawa hakujua limeandikwa nini. Shangazi mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa karibu akasema, "Lete hapa." Akalimwaga juu ya ungo, akalitandaza kwa kidole. Mle ndani mlikuwa na vijidudu vya rangi ya kahawia iliyokoza, karibu nyeusi, vidogo kuliko punje ya mchele. Shangazi hakuhitaji miwani. "Mwanangu," akasema, "mwizi wako huyu hapa. Dumuzi."

Dumuzi ni nani?

Dumuzi ni mbawakawa mdogo sana. Urefu wake ni kama milimita tatu hadi nne na nusu. Ukimtazama vizuri utaona umbo lake ni kama kipande cha kijiti kilichokatwa. Nyuma amekatika wima, na kichwa amekiinamisha chini ya mabega hata ukimtazama kwa juu hukioni. Umbo hilo linasema asili yake. Ukoo wake ni ukoo wa watoboa miti. Makao yake ya kwanza ni tawi lililokauka na mti uliokufa.

Akina mama tunaofahamu kuni tunaijua familia hii. Umewahi kuokota kuni, ukaipasua, ukakuta ndani mashimo madogo yamejaa unga laini? Umewahi kufagia chini ya kitanda kipya ukakuta unga wa mbao, ukafagia, kesho yake upo tena? Hao ni jamaa zake. Wako wa aina nyingi, na wengi wao hawana ubaya. Gogo linaloozea msituni lisingegeuka kuwa udongo kama kusingekuwa na vijidudu vya kulitoboa na kulisaga. Muumba wetu aliwapa kazi ya kufagia nyumba yake, na kazi hiyo wanaifanya kimya kimya bila mshahara.

Dumuzi tofauti yake ni kwamba anaweza kuishi kwenye mti mkavu, na pia akikuta mahindi makavu au makopa anayaona kuwa ni mti mzuri zaidi kuliko yote. Hutoboa punje, hupita hadi punje ya pili, na jike hutaga mayai pembeni mwa njia anazochimba. Mabuu yake hukulia humo humo, hayaonekani. Kukiwa na joto na unyevunyevu wa kutosha, yai huwa mdudu kamili kwa muda wa mwezi mmoja tu, na kizazi kipya kinaanza kazi. Tena sehemu kubwa ya anachotoboa hakili, bali anakisaga kuwa vumbi. Ndiyo maana hasara yake inazidi sana ile ya fukusi tuliowazoea tangu kwa bibi zetu.

Alitoka wapi?

Bibi zetu wasilaumiwe kwa kutomjua, maana hakuwa wa kwetu. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, yalikotoka mahindi yenyewe. Hapa Tanzania alitambuliwa mkoani Tabora, na habari zake zikatangazwa mwaka 1981. Inaaminika aliletwa na shehena ya mahindi ya chakula miaka ya mwisho ya 1970. Kutoka Tabora akasafiri na magunia juu ya malori kama abiria asiyelipa nauli, na wakulima wengine wakampa jina la Skania, kama yale malori makubwa. Miaka michache tu baadaye alikuwa amefika Kenya. Mwaka 1984 alionekana Togo, Afrika Magharibi, ambako alifika kwa njia yake nyingine.

Wataalamu waliopima mahindi ya wakulima Tabora miaka ile ya mwanzo walikuta nyumba nyingine zimepoteza hadi asilimia 34 ya uzito katika miezi michache ya kuhifadhi. Hapo piga hesabu mwenyewe. Katika magunia manane ni zaidi ya mawili na nusu. Yule dada wa Handeni hakuwa na hesabu hizo, lakini kihenge chake kilikuwa kinasema jambo lile lile. Na makopa ndiyo usiseme. Mihogo mikavu iliyoachwa kwa dumuzi ilipoteza zaidi ya asilimia 70 ndani ya miezi minne. Ninyi mnaosonga bada mwajua maana yake. Unakwenda kuchukua kopa, linavunjika mkononi kama mkaa uliolowa.

Kwa nini kwangu, si kwa jirani?

Swali hili ndilo linaloleta sumu zaidi vijijini. Nyumba mbili zimepakana, zimevuna siku moja, zimehifadhi namna moja. Moja inapoteza theluthi, nyingine haikuguswa. Hapo ndipo watu huanza kunong'ona. Kama si mke kauza, basi jirani kamtupia mtu kitu. Nimesikia mama mjane akiitwa mchawi kwa sababu kihenge chake kilibaki salama mwaka ambao vya wenzake viliharibika.

Sikilizeni jambo ambalo wataalamu wameligundua. Dumuzi hanusi mahindi kutoka mbali. Huruka, hasa jioni jua linapozama, na hutua popote. Anapotua ni bahati tu. Lakini dume akishatua na kuanza kutoboa, akaona pamemfaa, hutoa harufu yake mwenyewe ya kuwaita wenzake. Hiyo harufu ndiyo husikika mbali. Madume na majike huja kwa wingi mahali pale pale alipoanza huyo mmoja.

Basi tofauti kati yako na jirani yako inaweza kuwa mdudu mmoja aliyetua jioni moja. Ndugu zangu, tusimbebeshe binadamu mzigo wa mdudu. Mungu ametukataza kumshuhudia jirani uongo, na kunong'ona kisimani ni ushuhuda pia.

Tawi kavu na nguzo ya kihenge

Mahindi yakiisha, dumuzi hafi njaa. Hurudi kwa babu zake, yaani kwenye miti. Wataalamu wa Kenya walipomtafuta walimkuta hata porini, mbali kabisa na mashamba ya mahindi, akizaliana katika matawi makavu ya miti ya asili. Kwa hiyo hatuwezi kusema tutammaliza kabisa. Handeni na Korogwe zina vichaka na mapori, na hakuna awezaye kuokota kila kijiti kikavu kilichomo. Kenya ilianza mwaka 1992 kumwachia mbawakawa mwingine mdogo, mweusi, kutoka Amerika ya Kati, ambaye huifuata ile harufu ya dume la dumuzi na kula mayai na mabuu yake. Huyo husaidia kupunguza dumuzi huko porini, lakini hawezi kuwa mlinzi wa ghala lako. Ghala ni letu sisi.

Tena mara nyingi adui hatoki porini, bali yumo nguzoni. Kihenge cha yule dada kilikuwa na miaka mingi. Miti yake ilikuwa na magome, na katika miti hiyo na masalia ya mahindi ya zamani dumuzi alikaa akisubiri mavuno. Mahindi mapya yakaletwa mlangoni pake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mkulima, ki ghalani mwako.

Kuna jambo moja tena. Dumuzi hupenda zaidi mahindi ambayo hayajapukuchuliwa. Punje zikiwa zimeshikana kwenye gunzi hazitikisiki, naye hupata mahali pa kujikaza atoboe. Punje zikiwa huru ndani ya gunia, kazi yake inakuwa ngumu. Si kwamba haziwezi kuliwa, ila haziliwi upesi vile. Zamani mahindi yenye maganda darini juu ya meko yalikuwa salama, kwa sababu moshi uliyafikia na mdudu huyu hakuwako. Leo kihenge kiko nje, moshi hakuna, na mdudu yuko. Kwa hiyo desturi ya wakwe ilikuwa nzuri kwa siku zake.

Tufanye nini?

1. Usafi kabla ya mavuno. Toa masalia yote ya mwaka jana, fagia nyufa na pembe, kisha uyachome moto. Usichanganye kamwe mahindi ya zamani na mapya. Nguzo zenye matundu na unga zibadilishe, na miti mipya ibambue magome. Usiegemeze kuni karibu na ghala.

2. Vuna mapema yakishakauka. Kadiri mahindi yanavyokaa shambani baada ya kukomaa, ndivyo wadudu wanavyoanza kuingia huko huko.

3. Kausha sawasawa, juu ya turubai au mkeka, siyo juu ya udongo. Kama huna uhakika, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji. Isipoganda, yako tayari.

4. Pukuchua na upepete. Ondoa punje zilizovunjika na zilizotobolewa, maana ndizo mlango wa wadudu na wa ukungu. Tusisahau kwamba mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Mahindi yenye ukungu usimpe mtoto, wala kuku, wala usiyasagishe kwa kuwa tu ni dhambi kutupa chakula.

5. Chagua kinga yako. Majivu ya bibi husaidia kidogo kwa fukusi, kwa dumuzi hayatoshi. Dawa za unga za ghala zilizochanganywa kwa ajili ya dumuzi huwa na viambato viwili, kimoja kwa dumuzi na kingine kwa fukusi, kwa sababu dawa inayomuua huyu haimwezi sana yule. Nunua duka la pembejeo linalojulikana, tazama tarehe ya kuisha, na upime kama pakiti inavyosema. Changanya na punje zilizopukuchuliwa. Kunyunyizia juu ya maganda ni kutupa fedha.

6. Au tumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje. Hii haihitaji dawa. Wadudu waliomo humaliza hewa, kisha hufa. Masharti ni matatu. Mahindi yawe makavu kweli, hewa ikamuliwe na kila mfuko ufungwe peke yake kwa nguvu, na usifungue fungue kila siku kuchota debe. Tenga ya kula mwezi huu pembeni.

7. Kagua kila wiki mbili. Ingiza mkono ndani ya gunia, chekecha kidogo, tazama vumbi. Ukiona dalili, anika, chekecha, choma uchafu. Lakini kumbuka kwamba jua huwakimbiza wakubwa, na mabuu yaliyo ndani ya punje yanaweza kubaki. Usihesabu kwamba umemaliza.

Onyo la mama kwa mama

Dawa ya pamba si dawa ya ghala. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si dawa ya ghala. Najua ziko nyumba ambako uchungu wa kuona mahindi yakiharibika umemfanya mtu achukue chochote chenye harufu kali akamwagia. Chakula hicho kitaliwa na watoto. Ni afadhali dumuzi ale nusu kuliko wewe umlishe mwanao sumu kwa mkono wako. Unapochanganya dawa ya halali, funga kitambaa puani, watoto wakae mbali, nawa mikono kwa sabuni, na pakiti tupu usiifanye kikopo cha chumvi. Subiri siku zilizoandikwa kabla ya kula, na uyaoshe mahindi kabla ya kusaga. Mahindi ya mbegu yaliyopakwa rangi na dawa usiyasagishe hata njaa ikibisha hodi.

Kwa waume na wake

Nirudi kwa yule dada. Katika Biblia, mtu aliyekabidhiwa ghala za Misri kwa miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa alikuwa Yusufu, ambaye kabla ya hapo alisingiziwa katika nyumba ya bwana wake akafungwa bila kosa. Nimewaza sana jambo hili. Mungu alikabidhi chakula cha taifa zima kwa mtu aliyejua uchungu wa kusingiziwa. Na Yusufu alihesabu nafaka ile hadi ilipozidi kuhesabika.

Nasi tuhesabu. Siku ya kuweka mahindi, mume na mke wasimame pamoja, wayapime kwa debe, na kijana wa shule aandike katika daftari. Debe likitoka, liandikwe limekwenda wapi: kusaga, kuuza, msiba wa jirani, mama mgonjwa. Hata huyo mama mgonjwa aandikwe. Mke akitaka kumpelekea mama yake debe moja la mahindi aliyoyalima kwa mikono yake, na alitaje mchana, lisiwe jambo la usiku. Ghala likifunguliwa na watu wawili, dumuzi hapati mahali pa kumsingizia mtu.

Jumamosi ile mume wa yule dada alikuja Korogwe akiwa na mjomba wake, kwa ajili ya kikao. Shangazi hakungoja wazee wakae. Aliweka ungo mbele yao, juu yake gunzi moja na lile vumbi. Mume akachukua gunzi, akaligonga ukingoni mwa ungo, wadudu wakamwagika. Alinyamaza muda mrefu. Mjomba ndiye aliyeuliza, "Na nguzo za kile kihenge, mmeziangalia?" Hakuna aliyekuwa ameziangalia.

Walirudi Handeni wote pamoja. Baadaye dada alinitumia salamu kwamba nguzo nne walizikuta zimetobolewa kama chujio, wamezichoma moto. Mahindi hayakurudi. Ada ya mtoto wa pili ilichelewa. Na neno lile lililosemwa mbele ya watoto, alisema, mume ameliondoa mbele ya watoto hao hao, kwa kinywa chake. Hilo nalo tuliandike kwenye daftari.

Wahenga wanasema akiba haiozi. Ni kweli, kama mwenye akiba ataitazama. Mwezi huu, kabla hujauliza nani kachukua, nenda kagonge nguzo.

Mungu azibariki ghala zenu na wale mnaokula nao. Amina.